Kichwa Chenye Mafuta, Ncha Kavu: Mwongozo Kamili wa Kupunguza Kuosha Nywele

Mtu ambaye ngozi ya kichwa chake hutoa mafuta mengi, huku ncha za nywele zake zikiwa kavu, huvutwa pande mbili. Akiosha kila siku, mashina hubaki safi lakini ncha huzidi kupauka, kukakamaa na kukatika. Akiacha kuosha, ncha hupata nafuu lakini kichwa huanza kunata na kuwasha. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupunguza idadi ya maosho bila kukitesa kichwa, na msingi wake ni huu: siku ya kuosha huamuliwa na ngozi ya kichwa, ilhali ncha huokolewa na namna unavyoosha. Anayechanganya mambo hayo mawili huishia kuumiza upande mmoja ili kuponya mwingine.

Kwa nini mashina yalowe mafuta na ncha zikauke

Kila unywele huota kutoka kwenye kitundu kidogo cha ngozi, na ubavuni mwa kitundu hicho hukaa tezi inayotoa mafuta. Kiasi cha mafuta hayo huamuliwa hasa na homoni za jamii ya androjeni, yaani zile ziitwazo homoni za kiume ingawa wanawake pia wanazo, pamoja na urithi, ndiyo maana watoto wadogo hawasumbuliwi nayo, vijana waliobalehe huyalalamikia, na wanawake waliokoma hedhi huona yamepungua. Kutoka kwenye tezi, mafuta hutambaa polepole kwenye unywele na kusambazwa zaidi na vidole, kitana na foronya. Kwenye nywele nyembamba zilizonyooka huteremka haraka, na kwa hiyo nywele hizo huonekana zimelowa mafuta kuanzia siku ya pili. Kwenye nywele za mawimbi, na zaidi kwenye nywele za kipilipili, kila mkunjo huyachelewesha, na mara nyingi hayafiki mwisho kabisa.

Ncha, kwa upande wake, ndiyo sehemu kongwe. Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo ncha ya unywele wenye urefu wa sentimita 30 imekwisha kuishi zaidi ya miaka 2 ya kuchanwa, kuoshwa, kufungwa na kukaushwa. Unywele umefunikwa na magamba membamba yanayolaliana, na juu ya magamba hayo upo utando wa mafuta ya asili unaofukuza maji. Bliichi, rangi za kudumu na dawa za kulainisha nywele huuondoa utando huo, na joto kali huyavunja magamba yenyewe. Uharibifu huo haurudi nyuma, kwa sababu sehemu ya unywele iliyokwisha kutoka nje ya ngozi haina uhai wa kujitengeneza. Baada ya hapo, kila ukilowesha nywele, maji huingia ndani upesi, unywele huvimba, kisha hunywea unapokauka, na kuvimba na kunywea huko kunakorudiwa mara nyingi huzidi kuyalegeza magamba. Hapo ndipo ilipo faida halisi ya kuosha mara chache: ncha hupumzishwa maji, sabuni, msuguano wa taulo na joto la mashine.

Ni muhimu kusema wazi kwamba faida hiyo haitokani na kichwa kuzoezwa kutoa mafuta kidogo. Imani hiyo imeenea sana, lakini tezi iko ndani ya ngozi, inafuata amri ya homoni, na shampuu inayopita juu kwa dakika mbili haiibadilishi. Kinachobadilika baada ya majuma kadhaa ni kwamba ngozi iliyokuwa ikiunguzwa na sabuni kali hutulia, mafuta husambaa vizuri zaidi kwenye urefu wa nywele, na mwenye nywele hujifunza kuzitunza. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu wapo watu wanaovumilia muwasho na harufu kwa muda mrefu wakisubiri tezi zao zipungue kasi, na hali hiyo haiji.

Kungoja kupita kiasi kuna madhara yake. Kwenye ngozi ya kichwa cha kila mtu mzima huishi kuvu wa jamii ya Malassezia, ambao chakula chao ni mafuta hayohayo. Wanapoyavunja huacha asidi za mafuta zinazowasha ngozi ya wale walio wepesi kudhurika, na matokeo yake ni mba, muwasho na wekundu. Kwa hiyo kichwa chenye mafuta mengi hakiwezi kuachwa kama kichwa kikavu kinavyoweza kuachwa, na mpango wowote wa kupunguza kuosha lazima uwe na kikomo.

Hatua ya kwanza: fahamu kikomo chako cha sasa

Kabla ya kubadilisha chochote, osha nywele kama ulivyozoea, kisha usizioshe tena hadi utakapoona dalili nitakazozitaja. Kila asubuhi, chukua karatasi laini ya shashi, tenga nywele kwa kitana, na uibonyeze karatasi hiyo juu ya ngozi yenyewe kwa muda wa pumzi mbili au tatu bila kuisugua. Fanya hivyo utosini, juu ya paji la uso, nyuma ya sikio na kwenye kisogo, kila mahali kwa kipande kipya. Kisha inua karatasi kuelekea kwenye mwanga. Mahali palipogusa mafuta patakuwa na doa linalopitisha nuru, na doa hilo halitatoweka karatasi ikikauka, tofauti na alama ya jasho. Watu wengi hugundua hapa kwamba utosi na sehemu ya mbele vimelowa wakati kisogo bado ni kikavu, na ugunduzi huo utasaidia sana wakati wa kuosha.

Pamoja na doa hilo, angalia mambo mengine matatu: kama kichwa kinawasha, kama kina harufu, na kama kuna vipande vya ngozi vinavyobanduka. Kung'aa peke yake si sababu ya kuosha. Ni jambo la sura tu, na linaweza kufichwa kwa msuko au kwa namna ya kufunga nywele. Muwasho, harufu na mba ni sauti ya ngozi yenyewe. Siku ambayo mojawapo inajitokeza ndiyo kikomo chako cha sasa, na siku inayoitangulia ndiyo siku yako ya kuosha.

Jihadhari usichanganye mafuta na mabaki ya vipodozi. Ukikwaruza ngozi taratibu kwa ukucha na ukatoka na utando mweupe mzito, au ukiona nywele ni nzito na zimefunikwa na kitu saa chache baada ya kuoshwa, yaelekea huko kuna jeli, krimu au kondishena ambayo haikuondoka. Hali hiyo hutatuliwa kwa kuosha mara moja kwa shampuu ya kusafisha kwa kina, kisha vipimo vianzwe upya.

Hatua ya pili: chagua vitakavyotumika

Shampuu iwe ya maji na ya wastani. Katika orodha ya viambato, tazama vile vinavyosafisha: sodium lauryl sulfate ikitajwa mwanzoni, mara nyingi shampuu hiyo ni kali. Sodium laureth sulfate huwa laini kidogo kuliko hiyo, hasa inapochanganywa na cocamidopropyl betaine. Na zenye sodium cocoyl isethionate huwa laini zaidi. Mwenye mafuta mengi hahitaji kuvikimbia kabisa viambato vya salfeti (sulfate). Kwa maoni yangu, shampuu ya nguvu ya kati inayopakwa kwenye ngozi tu ni bora kuliko shampuu laini mno inayomlazimu mtu kusugua mara nne.

Epuka sabuni ya kipande na magadi ya kuokea. Ngozi ya kichwa ina hali ya asidi kidogo, karibu 5.5 kwenye kipimo cha pH, ambacho namba yake hupanda kadiri asidi inavyopungua, wakati sabuni ya kawaida hufikia pH 9 hadi 10, na katika hali hiyo magamba ya unywele huinuka na nywele husuguana zenyewe kwa zenyewe. Mahali penye maji magumu, yaani yenye kalisiamu na magnesiamu nyingi, sabuni ya kipande huacha pia utando unaonata ambao watu hudhani ni mafuta.

Kondishena ni ya lazima, na ni kosa kubwa kwa mwenye kichwa cha mafuta kuiacha kwa hofu ya kuongeza mafuta. Viambato kama behentrimonium chloride na cetrimonium chloride hubeba chaji chanya, na unywele ulioharibika una chaji hasi zaidi ya unywele mzima, kwa hiyo kondishena hujipeleka yenyewe na kushika pale inapohitajika, yaani kwenye ncha. Hatari iko tu pale inapopakwa kwenye ngozi ya kichwa. Mbali na shampuu na kondishena, andaa mafuta ya nazi, chanuo la meno mapana, na fulana kuukuu ya pamba.

Hatua ya tatu: osha ngozi, usioshe ncha

Hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mtu akiifanya vizuri, ncha zake zitaanza kupata nafuu hata kabla hajapunguza idadi ya siku.

Saa moja au zaidi kabla ya kuosha, chukua mafuta ya nazi kiasi cha robo kijiko cha chai, yayeyushe viganjani, na uyapake kwenye theluthi ya mwisho ya nywele zikiwa kavu. Mafuta ya nazi yana sifa ambayo mafuta ya madini hayana: hupenya ndani ya unywele, hupunguza kuvimba kwake unapolowa, na hivyo hupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Usiyapeleke karibu na mashina. Kichwani hayatakiwi, na kwa mwenye mba yanaweza kuwa chakula cha ziada kwa kuvu.

Ondoa mafundo kwa chanuo kabla ya kulowesha, ukianza ncha na kupanda juu. Kisha lowesha kichwa kwa maji ya vuguvugu kwa muda wa dakika nzima, hadi uhisi maji yamefika kwenye ngozi. Nywele nyingi hukinza maji kwa juu huku ngozi ikiwa bado kavu, na shampuu ikiwekwa hapo haitoi povu, na mtu huishia kuongeza nyingine bila sababu. Maji ya moto hayana faida yoyote hapa na huichokoza ngozi.

Mimina shampuu kiasi cha kijiko kimoja cha chai, iongeze maji kidogo na uisugue viganjani hadi iwe nyepesi. Usiimwage utosini kwa mkupuo mmoja. Ingiza vidole chini ya nywele na uanzie mahali ambapo karatasi ya shashi ilionyesha doa kubwa zaidi. Tumia nyama ya ncha za vidole, si kucha, na uitembeze ngozi yenyewe mbele na nyuma juu ya fuvu, sehemu moja baada ya nyingine: mbele, utosi, pande zote mbili, nyuma ya masikio, kisha kisogo. Nyuma ya masikio husahaulika sana, na mara nyingi ndiko harufu inakoanzia. Dakika moja hadi mbili zinatosha. Usizirundike nywele juu ya kichwa na kuzisugua kama nguo. Ziache zining'inie kama zilivyo.

Kama povu limekataa kutokea, suuza na urudie kwa nusu ya kiasi cha kwanza, tena palipo na mafuta tu. Wakati wa kusuuza, povu litateremka kwenye urefu wa nywele na kuondoa vumbi na jasho lililoko huko. Usafi huo unazitosha ncha. Suuza hadi maji yatoke bila utelezi. Nywele zinazotoa mlio zinapobanwa kati ya vidole zimevuliwa kila kitu, na hiyo ni ishara kwamba shampuu ni kali mno au ni nyingi mno.

Baada ya hapo, minya maji ili yasiizimue kondishena, kisha uipake kuanzia usawa wa masikio kwenda chini, ukiongeza kiasi kadiri unavyokaribia ncha. Pitisha chanuo la meno mapana ikiwa imo bado, acha dakika mbili au tatu, na usuuze ukiwa umeinamisha kichwa mbele ili maji yenye kondishena yasipite kwenye ngozi. Mwenye nywele nyembamba asuuze kabisa. Mwenye nywele nene au za kipilipili anaweza kubakiza utelezi kidogo kwenye ncha.

Hatua ya nne: kausha bila kuharibu ulichokiokoa

Zifungie nywele kwenye fulana ya pamba na uziminye, usizisugue. Zikiwa bado na unyevu, paka kondishena isiyosuuzwa kiasi kidogo kwenye ncha. Ukitumia mashine ya kukaushia, ishike umbali wa takriban sentimita 15, kwa joto la chini au la kati, na usiache kuisogeza. Elekeza upepo kwenye mashina, kwa kuwa ncha zitakauka zenyewe. Kulala na kichwa kibichi si jambo la busara kwa mwenye mba, kwa sababu unyevu na joto ni mazingira yanayowapendeza kuvu.

Hatua ya tano: ongeza siku moja tu kwa wakati

Sasa ndipo kupunguza kunapoanza. Kama ulikuwa ukiosha kila siku, osha siku moja na kuacha moja, na ubaki hapo kwa majuma mawili au matatu. Kama mwishoni mwa muda huo hakuna muwasho, harufu wala mba, ongeza siku nyingine moja. Kama dalili zimejitokeza, rudi nyuma kwa siku moja na ujue kwamba hapo ndipo ngozi yako inapokubali. Kurudi nyuma si kushindwa, kwani lengo ni kupata muda mrefu kabisa ambao kichwa kinabaki na afya, na muda huo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Kwa kawaida, wenye nywele nyembamba zilizonyooka na mafuta mengi hutulia kwenye siku ya pili au ya tatu, wenye mawimbi hufika siku ya tatu au ya nne, na wenye nywele za kipilipili huweza kufika juma moja. Anayesikia kwamba mwingine anaosha mara moja kwa mwezi asijilinganishe naye.

Hali ya hewa ya joto na unyevu, mazoezi mazito na kipindi cha hedhi vinaweza kuufupisha muda huo. Badilisha ratiba ipasavyo badala ya kuing'ang'ania.

Hatua ya sita: siku za katikati

Jasho si mafuta, nalo huyeyuka kwenye maji. Baada ya mazoezi, kusuuza ngozi ya kichwa kwa maji ya vuguvugu, ncha zikiwa zimefungwa juu ili zisilowe, kunatosha mara nyingi. Kama ni nywele za mbele tu zinazonata, zitenge, funga nyingine nyuma, na uzioshe hizo peke yake kwenye sinki kwa tone la shampuu.

Kwa nywele zilizonyooka au za mawimbi mepesi, brashi ya manyoya ya asili husaidia kuyahamisha mafuta kutoka yasikotakiwa hadi yanakohitajika. Ipitishe jioni, kwanza kwenye ncha ili kufungua mafundo, kisha kutoka kwenye mashina hadi mwisho, fungu kwa fungu, na uifute kwa kitambaa safi kila baada ya mafungu machache. Kwa nywele za kipilipili usifanye hivyo, kwani zitakatika. Zinyunyizie ncha maji kidogo, zipake kondishena isiyosuuzwa, kisha zisukwe au zifungwe mabutu.

Shampuu kavu, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa wanga, hufyonza mafuta lakini haiyaondoi hadi ipigwe brashi, na haisafishi ngozi. Itumie siku moja kati ya maosho mawili, kwenye mashina tu, iache dakika chache, kisha uichane itoke. Ikirundikwa siku tatu mfululizo hugeuka tope linalowasha.

Badilisha foronya mara kwa mara, osha vitana na brashi kila juma, na uzoeshe mikono kukaa mbali na kichwa. Mambo haya yanaonekana madogo, lakini brashi ambayo haijaoshwa hurudisha mafuta ya juma zima kwenye nywele zilizotoka kuoshwa.

Pale mpango unapopaswa kusimama

Mba ikianza, usiongeze siku na usitie mafuta kichwani ukidhani ngozi imekauka. Tumia shampuu yenye ketoconazole, zinc pyrithione au selenium sulfide mara mbili kwa juma, ukiiacha kwenye ngozi dakika tatu hadi tano kabla ya kusuuza, na uilinde ncha kwa mafuta ya nazi au kondishena, kwa kuwa shampuu hizi hukausha. Baada ya majuma mawili hadi manne hali ikituama, rudia ratiba yako taratibu.

Magamba ya manjano yenye mafuta yanayoenea hadi kwenye nyusi, pembeni mwa pua au nyuma ya masikio, vidonda, maumivu, au nywele kung'oka kwa mabaka ni mambo ya daktari wa ngozi. Vivyo hivyo, mwanamke ambaye mafuta yake yameongezeka ghafla, pamoja na chunusi, nywele za kidevuni na hedhi iliyovurugika, anahitaji kupimwa homoni, kwa kuwa hakuna ratiba ya kuosha itakayotatua chanzo hicho.

Kuhusu ncha zilizokwisha kupasuka, kondishena huzilaza na kuzifanya zionekane zimeungana, lakini haiziungi. Zikate kwa mkasi mkali wa nywele, sentimita 1 au 2 juu ya mpasuko, kabla mpasuko haujapanda, na uendelee kukata kidogo kila baada ya miezi mitatu au minne hadi sehemu iliyoharibika iishe.